Thomas Andrews: Fundi aliyepanda meli mpya ili kuzikosoa, hadi Titanic ikamzamisha

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wahenga walisema hivyo zamani, na hadi leo hatujabadilika. Simu mpya ikitoka, kuna watu wanapiga foleni dukani kabla mlango kufunguliwa. Nganya mpya ikiingia barabarani, vijana wanaziacha matatu nyingine zikiondoka na viti vitupu ili tu wapande hiyo inayong'aa. Na meli kubwa ya kitalii ikizinduliwa huko ng'ambo, wapo wanaowania tiketi za safari yake ya kwanza hata kama bei ni ya kukausha mfuko.

Lakini hebu tuulizane. Kupanda chombo ambacho hakijawahi kubeba abiria ni bahati ama ni kujitia hatarini?

Yupo jamaa mmoja wa Ireland aliyelijua swali hili kuliko wengi, manake lilikuwa sehemu ya kazi yake. Thomas Andrews aliunda meli. Meli ikishakamilika hakukaa ofisini kusubiri pongezi. Alifungasha nguo, akachukua daftari lake na kupanda pamoja na abiria wa kwanza, akitafuta kila kasoro iliyowaponyoka mafundi wake. Aliifanya kazi hiyo hadi Aprili 1912 alipopanda Titanic. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Mpwa wa bosi aliyeanzia chini

Andrews alizaliwa Februari 7, 1873 katika mji mdogo wa Comber, karibu na Belfast. Kwao hawakujua njaa. Familia ilikuwa na kiwanda cha kusokota nyuzi za kitani na baba yake alikuwa mwanasiasa. Kaka yake, John, alikuja kuwa waziri mkuu wa Northern Ireland miaka mingi baadaye. Mama yake, Eliza, alikuwa dada ya William Pirrie, mmoja wa vigogo wa Harland and Wolff, kampuni ya kuunda meli iliyotikisa jiji zima la Belfast.

Kijana huyu alisomea shule ya Royal Belfast Academical Institution. Alipenda kriketi, na nyumbani alifuga nyuki. Mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 16, aliacha masomo na kuingia kwenye kiwanda cha mjomba kama mwanagenzi.

Hapa wengi watasema, aah, mjomba ndiye bosi, basi kijana alipewa kiti cha kuzunguka na chai ya saa nne. La hasha. Aliwekwa miezi mitatu na maseremala, mwezi mmoja na mafundi wa samani, kisha miezi miwili akafanya kazi ndani ya meli zenyewe. Akazungushwa idara moja hadi nyingine, kuanzia stoo na wapaka rangi hadi kwa wafua vyuma. Miezi 18 ya mwisho aliimalizia katika ofisi ya michoro. Kwa jumla ilikuwa miaka mitano ya kuamka gizani ili afike kazini saa kumi na mbili asubuhi. Jioni, vijana wenzake wakienda kustarehe, yeye alikuwa akisoma vitabu vya uhandisi.

Miaka hiyo ndiyo iliyomjenga. Alipopanda cheo, hakuna mfanyakazi aliyeweza kumdanganya kwamba kazi fulani haiwezekani, kwa sababu yeye mwenyewe alishaishika kwa mikono. Mwaka 1901 akawa meneja wa ujenzi. Mwaka 1907 akawa mmoja wa wakurugenzi na mkuu wa idara ya michoro. Hata hapo bado alionekana akizunguka kiwandani na kofia iliyojaa madoa ya rangi, mifuko ya koti ikiwa imefura kwa michoro.

Mwaka 1908 alimuoa Helen Barbour, na Novemba 1910 wakajaliwa binti, Elizabeth. Wakati huo Andrews alikuwa amezama kazini kwelikweli, manake kiwanda kilikuwa kikiunda ndugu wawili ambao ulimwengu haukuwa umeona mfano wao: Olympic na Titanic, kila mmoja na urefu wa takriban mita 269.

Kazi ya kupanda meli mpya

Watu hudhani meli ikitoka kiwandani imekamilika. Waundaji wanajua si hivyo. Ukiwa bado bandarini, mlango unafunga vizuri, bomba halivuji, mota inazunguka kimya. Ipeleke baharini na maelfu ya watu ndani yake uone. Mtikisiko wa injini unalegeza hiki, mawimbi yanapinda kile, jiko linazidiwa, foleni inatokea mahali ambapo mchoraji hakuwazia foleni. Kasoro nyingine hazionekani mpaka watu waishi ndani ya chombo.

Kwa sababu hiyo Harland and Wolff ilikuwa na desturi ya kutuma kikosi cha dhamana katika safari ya kwanza ya meli. Hawa walikuwa mafundi wa kiwanda, yaani mtaalamu wa umeme, wa mabomba, wa mbao, wa mitambo, pamoja na wanagenzi waliofanya vizuri kazini. Wakiona kitu kimeharibika, wanatengeneza papo hapo. Wakiona kitu ambacho hakiwezi kutengenezwa baharini, kinaandikwa kingoje. Kwa mwanagenzi, kuchaguliwa kuingia kikosi hicho ilikuwa zawadi. Fikiria kijana wa umri wako aliyezoea makelele ya nyundo, leo anaambiwa anaenda New York kwa meli aliyoiunda mwenyewe.

Andrews alisafiri hivyo na Adriatic mwaka 1907. Juni 14, 1911 akasafiri tena, safari hii na Olympic kutoka Southampton kuelekea New York. Ndani ya meli hiyo alikuwemo pia J. Bruce Ismay, mkuu wa White Star Line, kampuni iliyoimiliki. Wote wawili walikuwa wakitembea wakikagua.

Walichokiona ni somo zuri kwa yeyote anayetaka kujua safari ya kwanza ni nini hasa. Ismay aliona magodoro yana springi zinazonesa kupita kiasi. Aliona vyooni hakuna mahali pa kuweka sigara, na jiko la wafanyakazi halina mashine ya kumenya viazi. Yaani meli iliyogharimu mali isiyohesabika inaondoka bandarini, halafu kuna watu huko chini wanamenya viazi kwa mkono!

Mambo makubwa zaidi nayo yalibadilishwa katika Titanic, iliyokuwa bado kiwandani. Sehemu ya mbele ya sitaha ya matembezi ilizibwa kwa vioo ili abiria wasirushiwe maji. Vyumba vya kifahari viliongezwa. Mkahawa wa mtindo wa Paris ukawekwa. Hivyo basi, abiria wa Olympic walilipa nauli kamili, wakafurahia meli mpya, na bila kujua wakawa wajaribishaji. Waliofaidika na malalamiko yao ni abiria wa meli iliyofuata.

Utamu wa kuwa wa kwanza

Tusiwe wanafiki, utamu upo. Kila kitu melini ni kipya. Hakuna aliyelalia hilo shuka kabla yako, zulia halina doa, rangi bado inanukia. Bandarini umati unapunga mikono, magazeti yanaandika, na jina lako linaingia katika orodha ambayo watu wataitafuta miaka mia baadaye. Wenye kampuni wenyewe wako ndani, kwa hivyo wahudumu wanasimama wima. Mtu akilalamika kwamba maji ya moto hayatoki, aliyeunda bomba yuko sitaha ya pili. Ni wapi pengine mnunuzi anapata bahati hiyo?

Kulikuwa pia na desturi ya kumpa nahodha mkongwe meli mpya zaidi. Edward Smith, aliyeongoza Titanic, ndiye aliyeongoza safari za kwanza za Baltic mwaka 1904, Adriatic mwaka 1907 na Olympic mwaka 1911. Zote zilifika salama. Mtu akikuambia wakati huo kwamba safari ya kwanza ni nuksi, ungemcheka.

Ndiyo maana matajiri kama John Jacob Astor, Benjamin Guggenheim na Isidor Straus walikuwa ndani ya Titanic. Lakini wengi wa abiria hawakuwa matajiri. Kundi kubwa zaidi lilikuwa la daraja la tatu, watu waliokuwa wakihama Ulaya kwenda kutafuta maisha Marekani. Hawa hawakufuata sherehe. Walifuata kazi.

Upande wa pili wa sarafu

Sasa tuje kwa yale ambayo matangazo hayasemi.

La kwanza ni ratiba. Chombo kipya kina mazoea ya kuchelewa. Titanic ilipangwa kuondoka Machi 20, 1912. Lakini Septemba 20, 1911, Olympic iligongana na manowari ya Uingereza iitwayo Hawke. Ikarudishwa Belfast kwa matengenezo, na mafundi wakaondolewa kwenye Titanic ili waihudumie. Tarehe ikasogezwa hadi Aprili 10. Tatizo hilo halikuishia enzi zile. Meli ya QE2 ilipata hitilafu ya mitambo katika majaribio ya mwishoni mwa 1968, na safari yake ya kwanza ikasubiri hadi Mei 1969.

La pili ni haraka. Ukishachelewa, kila mtu anakimbizana na saa. Majaribio ya Titanic baharini yalifanyika Aprili 2 na yalikwisha siku hiyo hiyo. Usiku huo huo ikaanza safari ya kutoka Belfast kwenda Southampton. Mafundi wa kupaka rangi na kuweka mazulia walikuwa bado wanahangaika siku za mwisho. Andrews alikuwa nao muda wote, akishuka na kupanda ngazi, mara akikagua meza, mara kitanda, mara feni.

La tatu ni kwamba huenda usiwe ndani kwa kupenda kwako. Kulikuwa na mgomo wa wachimba migodi ya makaa ya mawe nchini Uingereza. Meli nyingine zilikosa makaa na kusimama. Makaa yao yakapelekwa Titanic, na baadhi ya abiria wao pia. Kuna waliokuwa wamelipia meli nyingine kabisa wakajikuta wamehamishiwa meli mpya. Bila shaka walijiona wenye bahati. Hata hivyo meli haikujaa. Ilikuwa na abiria 1,300 hivi, ilhali ingeweza kubeba zaidi ya 2,400.

La nne, na ndilo kubwa, ni kwamba hakuna anayeijua nyumba. Wafanyakazi karibu 900 waliajiriwa, wengi wao wakiingia siku chache tu kabla ya safari au asubuhi ile ile. Charles Lightoller, ofisa aliyebobea baharini, alieleza baadaye kwamba ilimchukua wiki mbili kuweza kutembea kutoka mwanzo hadi mwisho wa meli bila kupotea. Kama ofisa alihitaji wiki mbili, mhudumu aliyeingia jana alikuwa na hali gani? Na mama wa daraja la tatu mwenye watoto, asiyejua Kiingereza, je?

Hata vyeo vya maofisa vilipanguliwa dakika za mwisho. Ofisa mmoja, David Blair, aliondolewa ili nafasi ipatikane kwa mwenzake aliyetoka Olympic. Baada ya yeye kushuka, walinzi waliokaa juu ya mlingoti kutazama mbele hawakupata darubini walizozizoea.

Na mara tu Titanic ilipoanza kuondoka Southampton, ukubwa wake ulivuta maji kiasi kwamba kamba za meli iitwayo New York zilikatika, nayo ikaanza kuielea ndugu mpya. Ilibaki kidogo tu zigongane. Wenyewe walikuwa bado wanajifunza tabia ya chombo kikubwa namna ile.

Daftari la mambo madogo

Andrews alikuwa na watu wanane katika kikosi chake cha dhamana. Yeye alikaa chumba A36. Mchana alizunguka na jioni alikaa na karatasi zake, akiandika.

Aliandika nini? Kwamba kulabu za kutundikia kofia vyumbani zina skrubu nyingi kupita kiasi. Kwamba kuna kifaa cha kupasha chakula moto jikoni kinasumbua. Kwamba rangi fulani kwenye sitaha za faragha imekoza zaidi ya ilivyotakiwa. Kwamba chumba cha kuandikia barua ni kikubwa mno, basi sehemu yake ingeweza kugeuzwa kuwa vyumba vya kulala. Wahudumu walimpenda kwa sababu aliwasikiliza. Vyumba vyao vya kulala alikuwa ameviboresha baada ya kuwauliza wanataka nini.

Kwa jumla alikuwa ameridhika. Aliona meli yake inakaribia ukamilifu, na kazi iliyobaki ni ya skrubu na rangi.

Tusimcheke. Mtu yeyote aliyewahi kukagua kazi yake mwenyewe anajua hali hiyo. Macho huona kilichoko na kukosoa kilichoko. Kile ambacho hakikuwekwa tangu mwanzo hakina pa kushikiwa, kwa hivyo hakiandikwi.

Usiku wa Aprili 14

Saa 5:40 usiku wa Jumapili, Aprili 14, Titanic iliukwaruza mwamba wa barafu. Wengi waliokuwa wamelala hawakuhisi chochote cha kutisha. Nahodha Smith alimwita Andrews. Wakashuka chini pamoja, wakapita wahudumu waliojaribu kusoma nyuso zao.

Meli ilikuwa imegawanywa katika vyumba 16 vya kuzuia maji. Andrews aliijua hesabu yake kwa kichwa: vyumba vinne vya mbele vikijaa, meli itaendelea kuelea. Maji yalikuwa yakiingia katika vitano. Uzito wa maji ungeivuta pua ya meli chini, maji yangefurika juu ya ukuta mmoja hadi chumba kinachofuata, na kingine, na kingine. Hakuhitaji kalamu. Alimwambia nahodha kwamba meli itazama, na kwamba kilichobaki ni saa moja, au moja na nusu hivi.

Fikiria mzigo huo. Ndani ya chombo chenye watu zaidi ya 2,200, yeye ndiye wa kwanza kujua kwa uhakika. Na hesabu ya pili aliijua pia: maboti ya kuokolea yalikuwa 20, na yote yakijaa kabisa yangebeba watu 1,178.

Kuanzia hapo aliacha daftari. Alikwenda mlango kwa mlango akiwaamsha watu. Aliwaambia wahudumu wa kike wavae majaketi ya kuokolea ili abiria wawaige. Aliwasihi wanawake waliosita wasichague maboti, waingie lolote lililopo. Kusita kwao kulieleweka. Meli kubwa bado ina taa, bendi inapiga muziki, halafu unaambiwa uingie kiboti kinachoning'inia gizani juu ya maji baridi.

Mhudumu mmoja alisimulia kwamba alimwona katika chumba cha kuvutia sigara akiwa amesimama peke yake, jaketi lake limeachwa mezani. Wengine walimwona baada ya hapo kwenye sitaha, akitupa viti baharini ili walio majini wapate cha kushikilia. Saa 8:20 usiku meli ilizama. Watu zaidi ya 1,500 walikufa. Andrews na wenzake wanane wa kikosi cha dhamana walikufa wote, wakiwemo wale wanagenzi waliopewa safari kama zawadi. Mwili wa Andrews haukupatikana. Elizabeth, binti yake, hakuwa ametimiza mwaka mmoja na nusu.

Upya una lawama gani?

Wapo wanaosema chombo cha kuvunjika hakina rubani, kwamba siku ikifika imefika. Methali ni tamu, lakini hapa haitoshi.

Barafu haikujua kama meli ni mpya au nzee. Hata chombo cha miaka 20 kikipasuka vyumba vitano kingezama. Na maboti yalikuwa machache kwa sababu sheria ya Uingereza ilikuwa imepitwa na wakati. Kanuni za mwaka 1894 zilidai maboti 16 kwa meli za tani 10,000 na zaidi. Titanic ilikuwa na tani 46,000, na bado sheria ilikuwa ile ile. Alexander Carlisle, aliyekuwa mkuu wa michoro kabla ya kustaafu mwaka 1910, alikuwa amechora mitambo inayoweza kubeba maboti mengi zaidi. Hayakuwekwa. Andrews alikuwa mkurugenzi wakati kazi hiyo inamalizwa, kwa hivyo hata yeye hawezi kutolewa kabisa katika lawama.

Lakini tazama ambapo upya ulichangia. Boti moja la kwanza kabisa kushushwa lilikuwa na nafasi 65 na liliondoka na watu 28 hivi. Jingine la watu 40 liliondoka na 12. Kwa jumla, zaidi ya nafasi 400 zilikwenda tupu. Baadhi ya maofisa waliogopa kwamba boti lililojaa lingevunjika likining'inia. Kumbe kiwanda kilikuwa kimelijaribu boti la aina hiyo kule Belfast kwa uzito wa watu 65, na likastahimili. Waliolijaribu walijua. Waliolishusha usiku ule hawakuwa wameambiwa.

Na mazoezi? Bandarini Southampton, maboti mawili tu yalishushwa mbele ya mkaguzi, yakapandishwa, karatasi ikatiwa sahihi. Abiria hawakuwahi kuonyeshwa mahali pa kukimbilia. Katika daraja la kwanza zaidi ya nusu waliokoka. Katika daraja la tatu, ambako njia za kupanda juu zilikuwa ndefu na za kuchanganya, ni karibu robo tu.

Kwa hivyo hatari ya safari ya kwanza haikuwa katika chuma. Chuma cha Olympic kilikuwa kile kile, nayo ilisafiri hadi 1935 na kustaafu kwa heshima. Hatari ilikuwa kwamba maarifa yalikuwa bado kiwandani ilhali watu walishafika baharini.

Ukipata tiketi, upande?

Ukipata nafasi, panda. Baada ya Titanic sheria zilibadilika. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1914 ulitaka nafasi katika maboti kwa kila aliye ndani, na doria ya barafu ikaanzishwa katika Atlantiki ya Kaskazini. Siku hizi abiria wa meli za kitalii lazima waonyeshwe mambo ya usalama kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka, tena bila kujali meli ni mpya au la.

Lakini panda ukijua unachonunua. Unanunua sherehe na shuka mpya, na pia unanunua mapazia yaliyofungwa jana, wahudumu wanaouliza njia kama wewe, chakula kinachochelewa kwa sababu jiko halijazoeleka, na uwezekano wa kuambiwa tarehe imesogezwa. Kama una shughuli isiyongoja, harusi ama siku ya kuripoti kazini, subiri safari ya tano au ya sita. Kama unataka kusimulia wajukuu, nenda ya kwanza.

Na ukishaingia chumbani, kabla hujapiga picha hata moja, tembea kwa miguu kutoka kitandani kwako hadi kwenye boti lako. Kisha rudi, utembee tena. Wafanyakazi wanaweza kuwa bado wageni. Wewe hakikisha si mgeni wa njia hiyo moja.

Huko Comber, watu walichanga pesa wakajenga ukumbi wa kumkumbuka Thomas Andrews, ukafunguliwa mwaka 1915. Shule ya msingi ya mji huo nayo ina jina la Andrews. Orodha yake ya kasoro za Titanic, skrubu za kulabu na zote, haikufika kiwandani.